UZI: Jimbo la Clare, Ireland, lilivyomchagua mtu asiyeruhusiwa kuingia bungeni, kisha likamchagua asiyetaka kuingia

Mpekuzi wa Kale (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za jioni. Uchaguzi ukikaribia humu jukwaani tunajadili majimbo yetu usiku kucha: nani kapita, nani kakatwa, mipaka kachora nani. Leo nimewaletea jimbo la mbali ambalo halipo tena. Linaitwa East Clare, magharibi mwa Ireland, na lilikuwa na kiti kimoja katika bunge la London kuanzia 1885 hadi 1922. Kabla ya hapo kaunti nzima ya Clare, ukiacha mji wa Ennis, ilikuwa jimbo moja lenye wabunge wawili, tangu Ireland ilipounganishwa na Uingereza tarehe 1 Januari 1801 na bunge la Dublin kufungwa. Nitaanzia huko, maana East Clare bila Clare ya zamani haieleweki.

Kwa asiyeijua: kaunti ya Clare ina maji karibu kila upande. Mto Shannon umeizunguka mashariki na kusini, Atlantiki iko magharibi, na kaskazini inapakana na Galway. Mji mkuu ni Ennis. Upande wa mashariki kuna Killaloe, Scarriff, Tulla na Sixmilebridge. Upande wa magharibi kuna Kilrush, Kilkee na Ennistymon. Nchi ya wakulima wadogo, ardhi ya mawe, na kwa muda mrefu ardhi yenyewe ilikuwa mali ya makabaila wachache.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mwenye kuipinga ajiandae. Mara mbili wapiga kura wa Clare walitumia kiti cha bunge kulitikisa bunge lenyewe, mwaka 1828 na mwaka 1917. Na mara zote mbili watu wa chini ndio waliochelewa kuonja matunda. Sehemu hii ya pili ndiyo inayoniuma, na naona wanaosimulia habari hizi huipita haraka.

Tuanze 1828.

Tangu 1793 Mkatoliki wa Ireland aliruhusiwa kupiga kura. Kukaa bungeni hakuweza, kwa sababu kila mbunge alitakiwa kwanza kula kiapo cha kumkana Papa na kutamka kwamba ibada ya misa ni ushirikina na kuabudu sanamu. Mkatoliki gani angetamka hayo? Hivyo nchi yenye Wakatoliki wengi iliwakilishwa na Waprotestanti watupu. Lakini sheria ilikuwa na tundu: hakuna mahali ilipomkataza Mkatoliki kugombea. Ilimzuia mlangoni tu.

Sasa angalia nani alikuwa na kura. Mkulima aliyekuwa na mkataba wa ardhi wa maisha, na ardhi hiyo ikamwachia thamani ya shilingi 40 kwa mwaka juu ya kodi, alihesabiwa kuwa mpiga kura. Makabaila waliwaongeza wakulima wa namna hii kwa makusudi, maana mkulima alipiga kura hadharani, kwa sauti, mbele ya watu wa bwana mwenye ardhi. Ukienda kinyume naye, kesho unafukuzwa shambani. Kabaila mwenye wapangaji 300 alijiona ana kura 300.

Daniel O'Connell, wakili Mkatoliki kutoka kaunti ya Kerry, alianzisha Jumuiya ya Wakatoliki mwaka 1823. Mwaka uliofuata akaweka mchango wa peni moja kwa mwezi, ili hata fukara awe mwanachama. Mchango ulikusanywa parokia kwa parokia, na mapadri wakawa ndio nguzo ya kazi. Mwaka 1826 kaunti ya Waterford ikaonyesha kinachowezekana: wapangaji walimkataa mgombea wa ukoo wa Beresford, ukoo uliokuwa umelishika eneo lile mkononi.

Halafu 1828 Waziri Mkuu Wellington akamteua mbunge wa Clare, William Vesey-FitzGerald, kuwa mkuu wa Bodi ya Biashara. Kwa sheria ya wakati ule, mbunge akipewa uwaziri lazima arudi jimboni akachaguliwe upya. FitzGerald hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa mtu wa hapohapo, kabaila anayependwa, aliyeunga mkono haki za Wakatoliki, na baba yake alikuwa amepinga ule muungano wa 1801 hadi akapoteza cheo. Jumuiya ilikuwa imeshaazimia kumpinga yeyote atakayeiunga mkono serikali ya Wellington. Wakamwendea Mprotestanti mmoja rafiki yao, Meja Macnamara, akakataa. Ndipo O'Connell akasema atagombea mwenyewe.

Nitaendelea baada ya kula. Karibuni maswali.

Mwana wa Ngamiani:

Tupo pamoja mkuu. Swali langu la haraka: kama kura ilikuwa ya wazi na kabaila yupo pale pale, hao wapangaji walipata wapi ujasiri? Kwetu hata na kura ya siri watu wanaogopa.

Mpekuzi wa Kale:

Ndugu yangu wa Ngamiani, hilo ndilo swali lenyewe.

Jibu langu ni kwamba walikwenda kwa pamoja. Kura zilipigwa Ennis kwa siku tano, mwanzoni mwa Julai. Watu waliingia mjini kwa maandamano, kila parokia na padri wake mbele, matawi ya miti mkononi. Wanasimulia kwamba umati ulifika kama watu 30,000 katika mji mdogo, na wengi wao walilala nje. Amri ilitolewa kwamba hakuna kunywa pombe wala kupigana mpaka kura ziishe, na waliishika amri hiyo. Kwa serikali hili lilitisha kuliko fujo. Fujo wangeizima kwa jeshi, na askari walikuwa tayari kaunti nzima. Utulivu wa maelfu ya maskini hawakuwa na dawa yake.

Sir Edward O'Brien wa Dromoland, mmoja wa makabaila wakubwa kabisa wa Clare, aliona wapangaji wake wakimwacha na kumfuata padri. Kumfukuza mpangaji mmoja ni rahisi. Kuwafukuza wote ni kubaki na shamba lisilo na mtu wa kulilima.

Matokeo: O'Connell kura 2,057, FitzGerald kura 982.

Hapo ndipo Wellington na waziri wake wa mambo ya ndani, Robert Peel, walipokwama. Wakimzuia O'Connell, kila kaunti ya Ireland itafanya kama Clare kwenye uchaguzi ujao na nchi inaweza kulipuka. Wakimruhusu, wanavunja msimamo walioshikilia maisha yao yote, na mfalme George IV hataki hata kusikia. Walichagua kunyenyekea. Peel alijiuzulu kiti chake cha Chuo Kikuu cha Oxford ili apate ridhaa mpya, akashindwa huko huko, ikabidi atafutiwe jimbo jingine. Tarehe 13 Aprili 1829 sheria ya kuwaruhusu Wakatoliki kukaa bungeni ikapita.

Lakini waliiandika ili isimguse aliyekwisha kuchaguliwa. Tarehe 15 Mei 1829 O'Connell alifika bungeni London, akaonyeshwa kile kiapo cha zamani, akakataa kukila. Alieleza kwamba kuna maneno ndani yake anayojua kuwa ni ya uongo na mengine asiyoyaamini. Akarudishwa Clare kuchaguliwa upya, akapita bila kupingwa mwezi Julai.

Binti Kilwa:

Mkuu umesema watu wa chini walichelewa kuonja matunda. Mbona hapa naona wameshinda? Sheria imepita, mtu wao kaingia.

Mpekuzi wa Kale:

Dada Binti Kilwa, asante sana kwa kuniuliza, maana nilikuwa nafika hapo.

Siku ile ile sheria ya Wakatoliki ilipopita, ilipita na sheria nyingine pembeni yake. Ile iliondoa haki ya kura ya shilingi 40 katika kaunti za Ireland na kupandisha kiwango hadi pauni 10. Fanya hesabu: pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo kiwango kilipanda mara tano kwa mkupuo. Wapiga kura wa kaunti za Ireland walikuwa kama 216,000. Wakabaki kama 37,000.

Soma tena hizo namba. Mkulima aliyetembea kwa miguu hadi Ennis, akalala nje, akasimama mbele ya bwana wake na kutaja jina la O'Connell kwa sauti, alifutwa kwenye daftari. Waliofaidika na sheria mpya walikuwa mawakili, wafanyabiashara na wenye mali wa Kikatoliki, walioweza kugombea ubunge na kushika vyeo. Mkulima alipoteza kile kitu kimoja kilichomfanya kabaila amhitaji. Kabla ya hapo kabaila alikuwa na sababu ya kumgawia kipande cha ardhi: kura. Sababu hiyo ikaisha.

O'Connell alikuwa amewaahidi kuwatetea. Alilalamika, ni kweli, lakini hakuinua umma kuipinga sheria ile. Na uchaguzi wake wa pili, ule wa Julai 1829, alipita bila kupingwa, kwa hiyo hakuhitaji tena kura ya mtu hata mmoja wa wale waliomweka. Mwaka uliofuata aliondoka Clare akagombea Waterford. Namheshimu O'Connell, alikuwa mtu mkubwa sana. Kwa hili simsamehei.

Mzee Mtambuka:

Mwanangu, mimi nimefundisha historia miaka mingi na nakupongeza kwa kazi hii. Ila usimhukumu O'Connell kwa ukali hivyo. Alikuwa na nafasi moja ya kupata jambo lililokwama tangu muungano. Angeikataa sheria ya kwanza kwa sababu ya ile ya pili, huenda angekosa zote mbili, na damu ingemwagika. Kiongozi hupewa alichopewa, hachagui kama mtu aliye sokoni. Halafu kumbuka, wale wa shilingi 40 wengi wao walikuwa watumwa wa kura kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo moja ya Ennis.

Mpekuzi wa Kale:

Shikamoo Mzee wangu. Nakubali kwamba alibanwa. Nisichokubali ni ule ukimya. Mtu aliyeweza kuwasimamisha maelfu Ennis bila tone la pombe angeweza kuwasimamisha tena, hata kama mwisho wa siku angeshindwa. Na hilo la utumwa wa kura ndilo linalonifanya niwaheshimu zaidi: walijikomboa, na mwaka haujaisha wakapokonywa.

Niendelee. Miaka ya katikati nitaipita haraka, isipokuwa mambo matatu.

La kwanza ni njaa kuu ya 1845 hadi 1849, viazi vilioza mara kwa mara. Clare iliumia vibaya, na eneo la Kilrush lilipata sifa mbaya kwa jinsi familia zilivyotolewa majumbani na nyumba kubomolewa ili zisirudi. Wakulima wasio na kura wala mkataba wa maana. Sisemi sheria ya 1829 ilileta njaa, ugonjwa wa viazi ndio ulioileta. Nasema iliwakuta watu ambao hakuna mwanasiasa aliyewahitaji.

La pili, uchaguzi wa Julai 1852. Askari walikuwa wakiwasindikiza wapangaji kwenda kupiga kura Sixmilebridge, umati ukawazuia, mawe yakarushwa, askari wakafyatua risasi na watu wakafa. Hiyo ndiyo kura ya wazi. Kura ya siri ilikuja na sheria ya 1872.

La tatu ni hotuba. Tarehe 19 Septemba 1880, Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wabunge wa Ireland, alihutubia Ennis. Aliuliza afanywe nini mtu anayechukua shamba alilofukuzwa mwenzake. Jibu alilolitoa: asisemeshwe barabarani, asihudumiwe dukani, sokoni akwepwe, hata kanisani aachwe peke yake, kama mkoma wa zamani. Wiki chache baadaye wakulima wa Mayo walilifanya hilo kwa Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa ardhi ya kabaila karibu na ziwa Mask, na dunia nzima ikajifunza silaha hiyo. Kwa hiyo Clare imetupa na hilo pia.

Mwaka 1884 haki ya kura ilipanuliwa tena, na 1885 ramani ikachorwa upya. Kaunti ikagawanywa mbili, East Clare na West Clare, mbunge mmoja kila upande. Mji wa Ennis, uliokuwa na kiti chake peke yake, ukamezwa. Hapo ndipo jimbo letu linazaliwa.

Mwana wa Ngamiani:

Sasa nani alilishika?

Mpekuzi wa Kale:

Wa kwanza alikuwa Joseph Cox. Mwaka 1892 akaingia Willie Redmond, naye akalishika miaka 25 hadi kifo chake. Huyu ni mdogo wa John Redmond, kiongozi wa chama cha Ireland bungeni. Familia yao ni ya Wexford, ng'ambo kabisa ya nchi. Mwanzoni alibanwa, maana baada ya Parnell kuanguka chama kiligawanyika na Willie alibaki upande wa Parnell hadi mwisho. Baadaye alizoeleka, akawa anapita bila kupingwa mara kwa mara.

Vita ya 1914 ilipoanza, sheria ya kuipa Ireland serikali yake ya ndani ilipitishwa lakini ikawekwa kando hadi vita iishe. John Redmond akawahimiza vijana wa Ireland wajiunge na jeshi la Uingereza, akiamini damu hiyo itaheshimiwa. Willie alikuwa na umri wa miaka 53 na angeweza kukaa nyumbani. Akajiunga mwenyewe. Machi 1917 alisimama bungeni akiwa na sare za jeshi, akawaomba wabunge waipe Ireland haki yake. Tarehe 7 Juni 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Messines, Ubelgiji, na akafa siku hiyo hiyo. Waliombeba kutoka uwanjani walikuwa askari wa divisheni ya Ulster, Waprotestanti waliokuwa wapinzani wakubwa wa siasa zake. Kaburi lake lipo Locre, peke yake, mbali kidogo na makaburi ya wanajeshi.

Binti Kilwa:

Mimi nitasema wazi, huyu Willie Redmond amenigusa kuliko wote. Mtu anakwenda kufa kwa kile anachowaambia wengine wakifie. Na bado jimbo lake likamtupa, likamchagua adui wa chama chake mwezi mmoja baadaye! Hii siyo haki.

Mpekuzi wa Kale:

Dada, nakuelewa, na naomba tulitazame kwa utulivu.

Wakati Willie yuko mstari wa mbele, Ireland ilibadilika nyuma yake. Aprili 1916, wiki ya Pasaka, kikundi kidogo kiliteka majengo ya Dublin na kutangaza jamhuri. Mwanzoni watu wengi hawakuwaunga mkono. Kisha serikali ikawapiga risasi viongozi mmoja mmoja kwa siku kadhaa, na hisia za nchi zikageuka. Aliyekuwa kamanda wa eneo la kiwanda cha unga cha Boland, mwalimu wa hesabu aitwaye Éamon de Valera, alihukumiwa kifo, hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Alizaliwa New York 1882, mama Mwairishi, baba mwenye asili ya Kihispania, akalelewa na upande wa mama yake kule Bruree, Limerick.

Juni 1917 wafungwa waliachiwa. Kiti cha East Clare kilikuwa kimeachwa wazi na kifo cha Willie, na de Valera tayari alikuwa amependekezwa akiwa bado gerezani. Alitoka jela akaenda moja kwa moja kwenye kampeni, akavaa sare ya Volunteers, kikosi cha kujitolea cha wapigania uhuru, akawaambia watu waziwazi kwamba akichaguliwa hatakwenda London.

Mpinzani wake alikuwa Patrick Lynch, wakili wa serikali, mtoto wa Clare mwenye ndugu na jamaa kila kijiji. Chama cha Redmond hakikumpa nguvu za kutosha. John Redmond alikuwa kwenye msiba wa ndugu yake. Vijana waliandamana kwa nidhamu, na mapadri wengi vijana walikuwa nao. Tarehe 10 Julai kura zikapigwa: de Valera 5,010, Lynch 2,035.

Mwaka huo huo chama cha de Valera, Sinn Féin, kilikuwa kimepata ushindi Longford Kusini kwa kura 37 tu. Huo ungeweza kuitwa bahati. East Clare tofauti ilikuwa kura 2,975. Hakuna aliyeweza kuiita bahati.

Kwa hiyo Dada, sidhani walimtupa Willie. Walikuwa wameiona ahadi ya London ikiwekwa kando, na mbunge wao mwenyewe ameizika roho yake Ubelgiji akiisubiri. Walichoka kusubiri.

Mkaazi wa Goma:

Naomba kuongeza kwa upande wetu huku Congo. Roger Casement, yule balozi mdogo wa Uingereza aliyeandika ripoti ya 1904 kuhusu mateso ya mpira chini ya mfalme Leopold, ndiye huyo huyo Mwairishi aliyenyongwa London tarehe 3 Agosti 1916 kwa sababu ya hayo mapinduzi ya Pasaka. Alikamatwa kwenye pwani ya Kerry akirudi kutoka Ujerumani alikotafuta silaha. Alipokwenda kuona watu wa Congo wanavyofanyiwa, aliandika baadaye kwamba ndiko alikojijua yeye mwenyewe kuwa Mwairishi. Basi hasira iliyompa de Valera kura, sehemu yake ni ya kifo cha mtu aliyetusemea sisi.

Mpekuzi wa Kale:

Ndugu wa Goma, mchango mzito sana. Ahsante. Kuna watu humu wanaouliza Ireland inatuhusu nini. Wasome hapo juu.

Mzee Mtambuka:

Nimeona jambo ambalo hujaligusa. FitzGerald 1828 na Lynch 1917 wote ni wana wa Clare, na wote wameshindwa. O'Connell wa Kerry, Redmond wa Wexford, de Valera wa New York na Limerick, wageni wote watatu, na wote wamepita. Unasemaje?

Mpekuzi wa Kale:

Mzee, umeniwahi. Nimelifikiria sana hili. Mtu wa nyumbani anakuja na alichokufanyia: alimpatia shemeji yako kazi, alimtetea mjomba wako mahakamani, alisamehe kodi mwaka wa ukame. FitzGerald alikuwa nayo hayo yote, na Lynch vile vile. Katika uchaguzi wa kawaida hayo yanatosha. Miaka hii miwili Clare haikuwa inachagua mtu wa kuwahudumia. Ilikuwa inatuma ujumbe London, na kwa kazi hiyo walimtaka mtu ambaye London itamwelewa bila kutafsiriwa.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma kwa mara ya pili.

Mwaka 1918 sheria mpya iliwapa kura wanaume wote wa miaka 21 na wanawake wa miaka 30 wenye sifa fulani za mali. Wapiga kura wa Ireland waliongezeka kutoka kama 700,000 hadi zaidi ya milioni 1.9. Mkulima asiye na kitu, mtoto wa mtoto wa yule wa shilingi 40, akarudi kwenye daftari. Mama yake na dada yake wakaingia kwa mara ya kwanza. Desemba 1918 uchaguzi mkuu ukaitishwa, na Sinn Féin ikachukua viti 73 kati ya 105.

East Clare? De Valera alipita bila kupingwa. Yuko gerezani Lincoln, hakuna mpinzani, hakuna kura.

Mei 1921 uchaguzi ukaja tena, na safari hii Clare nzima ilikuwa imeunganishwa kuwa eneo moja la viti vinne. Wote wanne wa Sinn Féin, bila kupingwa. Juni 1922, Sinn Féin ikiwa imegawanyika kati ya walioukubali na walioukataa mkataba wa amani na Uingereza, pande mbili zilikubaliana wagombea, na Clare ikapita tena bila kura. Mwaka huo huo East Clare ikafutika rasmi.

Maana yake ni hii: siku ya mwisho watu wa East Clare kupiga kura ya mbunge wa jimbo lao ilikuwa 10 Julai 1917, kwa daftari la zamani, wanaume watupu. Wanawake wa Tulla na Scarriff hawakuwahi kupiga hata kura moja ya ubunge katika jimbo hilo. Waliwaficha wapiganaji, walipeleka barua usiku, walikesha nyumba zikichomwa miaka ile ya vita ya kudai uhuru, na karatasi ya kura hawakuishika.

Binti Kilwa:

Duh. Hapo umenifunga mdomo. Kwa hiyo waliipata lini?

Mpekuzi wa Kale:

Agosti 1923. Kwa wakati huo katiba mpya ilikuwa imempa kila mwanamke wa miaka 21 kura sawa na mwanamume. Na angalia uchaguzi wenyewe ulivyokuwa: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miezi michache tu, de Valera alikuwa upande ulioshindwa na alikuwa mafichoni. Tarehe 15 Agosti akapanda jukwaani Ennis kama alivyowaahidi watu wake, askari wa serikali mpya ya Ireland wakamkamata palepale mbele ya umati. Wanawake wa Clare, kwa kura yao ya kwanza ya ubunge, walikuta mgombea yuko jela. Alipata kura zaidi ya 17,000, zaidi ya mara mbili ya Eoin MacNeill aliyekuwa waziri. Na miaka sita nyuma MacNeill alikuwa amesimama naye jukwaa moja Clare hiyo hiyo, akimpigia kampeni dhidi ya Lynch.

Mwana wa Ngamiani:

Na kiapo? Maana umeanza na kiapo cha O'Connell. Huyu de Valera aliingia bungeni mwishowe au alisusa hadi mwisho?

Mpekuzi wa Kale:

Aliingia. Bunge la Dublin baada ya 1922 lilikuwa na kiapo chake, cha kuwa mwaminifu kwa mfalme wa Uingereza, na kwa miaka mitano de Valera alikikataa. Mwaka 1926 alianzisha chama kipya, Fianna Fáil. Mwaka 1927 serikali ikatunga sheria ya kumlazimisha kila mgombea aahidi kula kiapo, vinginevyo asigombee kabisa. Agosti mwaka huo de Valera akaingia na wabunge wake, akatia saini kitabu, akasema kwamba kwake hayo ni maneno matupu na kwamba yeye hakuwa anakula kiapo. Wapo waliomwita msaliti hadi kaburini. Alipopata serikali 1932, jambo la mwanzo alilolishughulikia ni hilo, na kiapo kikafutwa 1933.

O'Connell alikataa kiapo akarudi kwa wapiga kura wake. De Valera alikitia saini akakifuta kutoka ndani. Wote wawili walikuwa wabunge wa Clare. Mimi namwona O'Connell kuwa alisimama wima zaidi siku ile ya Mei 1829, ingawa de Valera ndiye aliyeondoa kikwazo bila kumfuta mtu yeyote kwenye daftari.

Mzee Mtambuka:

Hapo tumekubaliana kwa mara ya kwanza leo. Lakini waliokufa kati ya 1922 na 1923 kwa sababu ya kiapo hicho hicho ambacho baadaye alikitia saini, familia zao zitakujibu tofauti.

Mpekuzi wa Kale:

Ni kweli Mzee, na sina la kuwajibu.

Kwa waliouliza kwenye faragha: de Valera aliendelea kuwa mbunge wa Clare hadi 1959 alipochaguliwa kuwa Rais wa Ireland. Clare bado ni jimbo hadi leo, lina wabunge wanne katika bunge la Dublin, na mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. East Clare na West Clare hazikurudi. Ukifika Ennis utaona nguzo ndefu yenye sanamu ya O'Connell juu yake, pale ilipokuwa mahakama kura za 1828 zilipopigwa. Majina ya wale 2,057 hayajaandikwa kwenye nguzo hiyo.